Dakika Nane Kabla ya Magharibi

Kompyuta iliingia nyumbani kwetu Tooting, kusini mwa London, ndani ya boksi ambalo lingetosha viatu vya mtoto, nami nilipoiona nilicheka. Kwa miezi nilikuwa nimeimbiwa kwamba kinakuja kitu kitakachobadilisha maisha ya kila nyumba. Sasa mume wangu alikuwa amekaa sakafuni na kipande cha plastiki nyeusi chenye vitufe vya mpira, chepesi hata ungekiinua kwa vidole viwili. Hakikuwa na kioo. Kioo chake kilikuwa televisheni yangu, ile ile niliyokuwa nikiitazama Jumapili baada ya kusafisha wodi siku sita, na tangu jioni hiyo televisheni haikuwa yangu tena.

Kwetu Unguja alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. London cheti chake hakikumfaa kitu. Alipata kazi ya kupanga mashuka machafu ya hospitali kwenye dobi kubwa la mashine, na wenzake wa kazini walimwita kwa jina walilolikata wenyewe ili lisiwachoshe ulimi. Sisi Waswahili tulimwita Mwalimu. Wengine walisema Mwalimu kwa heshima, wengine kwa kumtania, na yeye alijua nani anasemaje. Akirudi nyumbani alikula, akatazama ukuta, akalala. Niliolewa na mtu mcheshi, nikajikuta ninaishi na mtu aliyefunga mdomo. Kwa hiyo kompyuta ilipomfanya aongee tena, hata kama alikuwa akiongea nayo yenyewe, niliiachia televisheni bila ugomvi mkubwa.

Ilikuwa mashine ya taabu. Akili yake ilikuwa ndogo, basi akainunulia kisanduku cha kumbukumbu cha kuchomeka nyuma, na kisanduku hicho hakikukaa imara hata siku moja. Ukigusa meza au ukifunga mlango kwa nguvu, kioo kinageuka cheupe na kazi ya saa tatu imepotea. Alikibana kwa plasta ya vidonda niliyoichukua wodini, na bado kilicheza. Nilitembea nyumbani kwangu kama mwizi. Kila alichotaka kukihifadhi kilirekodiwa kwenye kaseti ya redio, na kukirudisha ilibidi kaseti ipigwe dakika tano nzima ikikwaruza na kupiga mbinja, sisi tumekaa kimya tukingoja. Mara nyingi mwisho wake ilikataa, tukaanza upya. Jirani Mwingereza aligonga ukuta, na mimi ningekuwa upande wake ningegonga pia.

Miaka ile Ramadhani iliangukia katikati ya kiangazi. Kwetu jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, na muadhini hayuko mbali. London mwezi wa sita linazama saa tatu na ushei, na likishazama mbingu hubaki nyeupe muda mrefu, hujui kama limekwenda au limejificha nyuma ya majumba. Msikiti wetu wenyewe hatukuwa nao. Tulitumia majedwali ya misikiti ya Wahindi na Wapakistani, na hayakupatana. Hili limeongezwa dakika tano za tahadhari, lile tatu, jingine limenakiliwa vibaya. Jumamosi Waswahili tulifuturu pamoja katika ukumbi mdogo chini ya nyumba za council, zile za serikali ya mtaa, na mwaka uliotangulia watu walikaa meza mbili, hawa wanakula, wale wamekunja uso wanangoja. Mwalimu aliona aibu sana. Alisema mwaka huu mashine itapiga hesabu na kila nyumba itapata jedwali moja.

Kanuni za jua alizijua. Kilichombakia kilikuwa kitu kimoja: jua na saa ya ukutani haviendi sawa. Kuna majira jua hutangulia saa kwa dakika chache, na kuna majira huchelewa, na dakika hizo lazima ziingizwe kwenye hesabu. Angeweza kuzipata katika kitabu maktaba ya mtaa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Lakini alikuwa na daftari la marehemu baba yake. Mzee yule alitunza saa ya msikiti wa mtaani kwao, akiirekebisha ifuate jua, na daftarini aliandika kwa kila siku ya mwaka: ongeza moja, punguza tatu, punguza nne. Mume wangu alitoka kwao na nguo mbili na daftari hilo. Alilibusu kabla ya kulifungua.

Jioni tatu mfululizo yeye alisoma na mimi nikabonyeza, kwa sababu kabla ya kuolewa nilikuwa karani wa kupiga taipu na vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vyake. Siku ya tatu niliinua mikono. "Mwalimu, hapa mzee anasema punguza nne. Anapunguza kwenye saa apate jua, au anapunguza kwenye jua apate saa?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mzazi wake. "Hesabu za mzee wangu hazijakosea tangu sijazaliwa. Bonyeza hapo."

Nikabonyeza. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kulala, na sikupenda namna alivyonitazama. Swali langu lilikuwa la maana, na nililiachia kwa sababu ya hasira ndogo ya mke na mume.

Jedwali lilitoka kwenye kichapishi kidogo, katika karatasi ya rangi ya fedha, nyembamba kama risiti ya dukani. Nililipiga taipu upya kwenye karatasi kubwa tukatoa kopi. Juu yake aliniambia niandike kwamba saa hizi zimekokotolewa kwa kompyuta. Mtu mmoja alimshauri aongeze dakika tatu za tahadhari kama misikiti mingine inavyofanya, naye akajibu, "Tahadhari ni ya wasiojua hesabu." Watu walilipenda jibu hilo wakalirudia kwenye simu.

Siku za mwanzo kila kitu kilikuwa sawasawa. Wanaume wawili wasioamini walipanda juu ya maegesho ya magari ya ghorofa, jedwali mkononi, wakaliona jua linazama dakika ile ile iliyoandikwa. Walirudi wakisema Mwalimu ni mtu. Hawakujua, wala sisi hatukujua, kwamba katika siku zile daftari la mzee lilisema sifuri, na sifuri ukiiongeza au ukiipunguza ni ile ile. Baada ya hapo hakuna aliyepanda tena kutazama.

Mume wangu alibadilika mbele ya macho yangu. Simu zilikuja kutoka Rayners Lane, upande wa pili wa London, kisha kutoka Birmingham, watu wakiomba wapelekewe kopi. Mtu aliyekuwa akimwita Mwalimu kwa kejeli alinyanyuka kitini ili yeye akae. Alianza kuimba bafuni. Alinunua udi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tufike nchi ile. Jioni moja aliniwekea futari mezani kwa mikono yake mwenyewe kisha akanisimulia kisa cha mwanafunzi wake wa zamani, tukacheka mpaka nikapaliwa na maji. Nilimpenda upya, na nilikuwa na miaka mingi sijampenda vile.

Chini yetu aliishi mjane mmoja wa Mombasa tuliyemwita Bi Mkubwa. Hakuwa ndugu yetu wa damu, lakini ndiye aliyenipokea mji ule. Alinifundisha kuvaa soksi mbili, akanionyesha duka la kupata nazi, na mimba yangu ya kwanza ilipotoka alikaa kitandani kwangu siku saba akinilisha uji. Bi Mkubwa alikuwa na desturi yake. Kila ikikaribia magharibi alisimama dirishani na tende mkononi, akatazama mbingu mpaka roho yake iridhike, ndipo akala. Jedwali la mume wangu alilibandika jikoni kwa adabu, lakini dirisha hakuliacha.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa zamu ya jioni hospitali, ghorofa ya saba. Jedwali lilisema saa tatu na dakika kumi na nne. Nikaitazama saa ya wodi, ikafika, nikasema bismillahi nikatia tende mdomoni. Kisha niligeuka kuchukua ndoo yangu, na dirishani, juu ya mapaa ya upande wa magharibi, niliona jua. Halikuwa limebaki kidogo. Lilikuwa jua zima, jekundu, limekaa juu ya mabomba ya moshi. Nilisimama na ile tende mdomoni, siwezi kuimeza wala kuitema. Nililitazama mpaka likazama, na nilipotazama saa zilikuwa zimepita dakika saba.

Nilijiambia saa ya wodi ni mbovu. Kesho yake nikiokota magazeti chini ya vitanda nilifungua ukurasa wa hali ya hewa, ambao huandika jua linachomoza na kuzama saa ngapi. Gazeti lilikubaliana na dirisha. Nikalitoa jedwali mfukoni mwa aproni, nikashuka nalo mstari kwa mstari, na kila siku dakika ziliongezeka. Saba, nane, tisa, mpaka kumi na moja siku ya mwisho. Swali langu lilikuwa limejibiwa. Mzee alikuwa akitoka kwenye saa kwenda kwenye jua, na sisi tulikuwa tukitoka kwenye jua kwenda kwenye saa. Pale tulipopunguza tulitakiwa tuongeze. Watu wazima na wazee, wenye kisukari na wanawake wenye zamu kama mimi, wote walikuwa wamefunga karibu saa kumi na tisa, kisha wanafungua jua likiwa bado juu, katika kumi la mwisho, siku tukufu kuliko zote.

Sheria yake niliijua tangu chuo cha Kurani. Mtu akila akidhani jua limezama, kisha akajua kwamba lilikuwa bado, siku hiyo ailipe. Asipojua mpaka akafa, hana lawama. Lawama ni ya yule aliyejua akanyamaza.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimepanga maneno. Nilimkuta kwenye simu, amesimama wima kabisa, akimweleza mtu wa Birmingham kwa sauti ya darasani jinsi dunia ilivyoinama. Alinipungia mkono nisubiri. Nikasubiri. Alipomaliza alinishika mabega na kusema, "Mke wangu, leo nimeitwa Profesa." Niliona yule mtu wa kutazama ukuta, niliona nitakavyomrudisha kwake kwa sentensi moja, na niliona tena watu wale wa ukumbini watakavyocheka. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho ilikuwa Ijumaa, akawa na wageni.

Jumamosi tulikuwa ukumbini. Mimi niligawa tende, nikipita meza kwa meza na bakuli. Bi Mkubwa alikuwa amesimama kwenye kidirisha kimoja cha ukumbi ule, kilichotazama ukuta wa matofali na kipande cha mbingu. Mume wangu alishika saa yake ya mkononi, akatangaza, "Bismillahi, fungueni," na watu wote wakala. Bi Mkubwa hakuondoka dirishani.

"Bi Mkubwa," mume wangu alimwita kwa uchangamfu, watu wakisikia, "jua la Ulaya halitazamwi kwa macho. Linapigiwa hesabu."

Watu walicheka. Bi Mkubwa naye alicheka, akageuka. "Haya mwanangu," alisema, "sisi wa zamani twashindwa na mitambo yenu." Alikuja kwangu akanyoosha mkono. Nilijua kwamba zilibaki dakika nane. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, ngoja, na hata nisingehitaji kulieleza. Nilimpa tende. Aliila akiniombea dua, na kuanzia jioni ile hakusimama tena dirishani.

Nimejitetea sana kwa miaka mingi. Nimesema nilikuwa kijana, nimesema nilimpenda mume wangu, nimesema wengine wote wangefanya vile vile. Hakuna kilichosaidia. Nilimpa mwanamke aliyenilea tende ambayo nilijua haijafika wakati wake, ili mume wangu asione haya.

Baada ya Idi nilizilipa siku zangu peke yangu, Jumatatu na Alhamisi, nikisema ni sunna. Mume wangu alinisifu kwa uchamungu. Nilikuwa nikijiambia kwamba nitamwambia Bi Mkubwa, yeye kwanza, halafu nitafute njia ya wengine. Kila niliposhuka kwake nilikuta ana jambo lake, mara miguu, mara barua ya serikali ya kusomewa, nami nikafurahi kupata sababu ya kuahirisha. Baridi ilipoanza alipata kikohozi. Kikohozi kikawa nimonia, nimonia ikampeleka hospitali yangu mwenyewe, wodi ya ghorofa ya nne, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga deki chini ya kitanda chake. Siku mbili za mwisho nilikuwa peke yangu naye zaidi ya saa moja kila siku. Alikuwa na akili zake. Aliniuliza habari za mume wangu, akasema, "Mwambie Mwalimu Ramadhani ijayo asinisahau na karatasi yake." Nilisema nitamwambia.

Alifariki Jumanne. Tulikuwa wanawake watatu tuliomuosha, na mimi nilishika upande wa kulia. Niliosha ule mkono ulioninyooshea ukumbini. Wenzangu waliona ninalia wakaninyamazisha kwa upole, wakasema Bi Mkubwa ameondoka amekamilisha yake. Nilitamani mmoja wao anipige kofi.

Mwezi wa Shaabani simu zikaanza tena. Watu walitaka jedwali jipya, na safari hii walikuwa wengi zaidi. Mume wangu alitoa daftari la mzee kabatini, akalibusu, akalitia juu ya meza pembeni ya mashine. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya pili, pengine ya mwisho. Ningeweza kusema, Mwalimu, alama hii igeuze. Lakini ningesema nimejuaje? Angeuliza tangu lini. Ningetaja kumi la mwisho, ningetaja ukumbi, ningetaja mtu tuliyekwisha kumzika. Basi nilifanya jambo ambalo mpaka leo sielewi lilitoka wapi. Alikwenda kutawadha. Nilikuwa na kikombe cha chai ya maziwa mkononi. Nilikimimina chote juu ya vile vitufe vya mpira, polepole, mpaka kioo kikapiga mistari na kuzima. Kisha nikapiga kelele kwamba nimejikwaa. Kaseti iliyokuwa na ile programu niliitoa kwenye redio nikaitia mfukoni mwa aproni, na kesho yake niliitupa kwenye mfuko wa manjano wa takataka za wodi, zile zinazochomwa moto.

Hakunigombeza. Aliikausha ile mashine kwa taulo, akaiweka juu ya radieta ya kupasha nyumba joto siku mbili, akaifungua kwa kisu cha matunda. Aliitafuta ile kaseti wiki mbili, akiinua mpaka magodoro, nami nikamsaidia kuitafuta. Kisha akasema, "Ndiyo riziki yake." Watu walipopiga simu aliwaambia mashine imeharibika, na sauti yake ilizidi kushuka kila simu. Mwaka ule ukumbini walirudi kwenye meza mbili. Wengine walianza tena kumwita Mwalimu kwa mdomo wa pembeni. Nilikuwa nimenyamaza ili nisimrudishe kwenye ukuta wake, na ukutani ndiko alikorudi. Kompyuta nyingine hakununua. Zilipozagaa kila nyumba, na baadaye kila mfuko, yeye alisema hazina uso wa haya. Jedwali lile la kwanza alilitia fremu akalitundika sebuleni, na kwa miaka zaidi ya arobaini nimelifuta vumbi kila wiki.

Sasa mume wangu ana ugonjwa wa kusahau. Majina ya watoto wetu yamemtoka, njia ya choo inamtoka, lakini jedwali halijamtoka. Ana kisukari pia, na kila jioni huja nesi Mkenya kumpima na kumchoma sindano. Daktari amemkataza kufunga, na dini imemsamehe, lakini Ramadhani ikiingia akisikia adhana ya televisheni hatii kitu mdomoni mchana kutwa. Nesi akabadilisha dozi, tukaona tutavumilia, maana Ramadhani za siku hizi zimeangukia baridi na jua linazama mapema. Hatukujua kwamba hatakubali. Magharibi ilipoingia, saa kumi na moja na ushei, nilimwekea tende na uji. Aliutazama ule uji, akainua kidole ukutani.

"Saa tatu na dakika kumi na saba," alisema. "Jedwali hulioni?"

Nilimweleza kwamba lile ni la kiangazi cha zamani. Akasema hesabu hazizeeki. Nilisogeza saa ya ukutani mbele; alimwuliza nesi saa ngapi, na nesi, asiyejua uongo wangu, akamwambia kweli. Nililificha jedwali chumbani. Alilisoma kwa kichwa, siku ya kwanza mpaka ya mwisho, hakuruka mstari. Siku nne mfululizo tulikaa naye gizani mpaka saa tatu, anatetemeka, jasho linamtoka kwenye paji la uso.

Siku ya tano nesi alisoma kipimo chake akakunja uso. "Mama, sukari imeshuka sana. Huyu mzee lazima akule saa hii, ama niite ambulance. Hauwezi kumwambia kitu atasikia?"

Nilikijua kitu ambacho angekisikia. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, na magoti yangu siku hizi hayapigwi kwa mzaha. Niliogopa kama msichana.

"Mwalimu," nilisema, "jedwali limekosea."

"Limekosea wapi?"

"Kumi la mwisho. Dakika saba, nane, mpaka kumi na moja. Watu wanafungua jua likiwa bado."

Nilingoja uso wake uvunjike. Ndicho nilichokiogopa maisha yangu yote, ndicho nilichokinunulia kimya changu kwa thamani ya Bi Mkubwa. Aliligeukia jedwali. Midomo yake ilicheza, vidole vyake vikahesabu juu ya paja, na kwa muda mfupi alikuwa yule mtu mzima kabisa niliyeolewa naye.

"Daftari la mzee," alisema. "Mzee alitoka kwenye saa akaenda kwenye jua. Sisi tunatoka kwenye jua. Pale pa kupunguza tuongeze. Ni alama moja tu." Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyejikuta amevaa shati kinyume. "Mzee angenichapa. Niwashie mashine niibadilishe sasa hivi. Kesho tuwape watu karatasi nyingine, uwaambie Mwalimu amekosea, walipe siku zilizopita. Anza na Bi Mkubwa. Yeye mtu mzima, apate muda wa kulipa taratibu."

"Nitaanza naye," nilisema.

"Na leo basi tutazame kwa macho. Fungua pazia."

Nesi alifungua pazia. Nje kulikuwa giza tupu na taa za basi. Mume wangu aliridhika, akafumbua mdomo, nikampa tende, nikaanza kumlisha uji kijiko kwa kijiko. Kazi yote ilikuwa imechukua dakika mbili. Ingekuwa dakika mbili hizo hizo ule usiku aliponishika mabega baada ya simu. Angecheka, angegeuza alama, Jumamosi angesimama ukumbini aseme nimekosea, na Bi Mkubwa angekuwa na miezi sita ya kulipa siku zake. Mtu huyu niliishi naye, nililala naye, nikamzalia, na sikumjua kiasi cha kumwamini kwa alama moja ya hesabu.

Katikati ya uji alinishika mkono. "Nani aligundua?"

"Mimi."

"Lini?"

Nesi alikuwa akifunga mkoba wake. Nilikuwa na neno la kweli mdomoni, na ndilo pekee lililobaki kusemwa. "Leo," nilisema.

"Umefanya vizuri kuniambia mapema," alisema. "Ungenyamaza tungepoteza watu."

Kesho yake alikuwa amesahau. Aliutazama uji, akainua kidole ukutani, na ikabidi nipige magoti tena nianze upya. Leo ni Ramadhani ishirini na tatu. Ameshaigeuza alama ile mara nyingi, kila mara bila kuona haya, na kila mara ananituma kwa Bi Mkubwa. Kila jioni ananiuliza nimegundua lini, na kila jioni ninamwambia leo.